Kanuni ya elektroni nane isifundishwe kama amri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama inawezekana msinikate sana maana hili jambo likikatwa katikati ndo linaharibika kabisa. Nazungumzia ukurasa wenu wa elimu, somo la kemia, mada ya bondi, yaani namna atomu zinavyoshikana. Mwandishi kaeleza kanuni ya okteti vizuri tu, kwamba atomu zikikutana zinapeana elektroni au zinachangia mpaka kila moja ifikishe nane kwenye ganda lake la nje, hapo sina neno. Neno langu liko kwenye aya ya mwisho, pale aliposema zipo molekuli chache zinazokiuka kanuni, hazina umuhimu mkubwa, mwanafunzi azikariri tu zisije zikamtegea kwenye mtihani. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Mi nafundisha kemia, na nasema hivi, hizo molekuli zinazoitwa chache ndo zenye utamu wa somo lote, na mtoto akizikariri bila kuambiwa kwa nini zinakiuka basi hata hiyo kanuni yenyewe hajaielewa, kaimeza tu.

Tuanze na huo uchache. Shika jedwali la elementi mkononi uhesabu mwenyewe. Hidrojeni inatosheka na elektroni mbili, kwenye ganda lake hamna pa kuweka ya tatu, kwa hiyo kila molekuli yenye hidrojeni, maji yakiwemo, tayari ina atomu isiyofika nane. Berili na boroni mara nyingi hazifiki. Ukishuka mstari wa tatu kwenda chini unakuta fosforasi, salfa, klorini, na chini zaidi iodini na zenoni, hao ukiwachora unaweza kuwakuta na 10 au 12. Alafu kuna lile kundi zima la metali za katikati ya jedwali, chuma, nikeli, kromi na ndugu zao, ambazo zikiungana na kitu kama kaboni monoksaidi zinahesabiwa kwa 18 na sio kwa nane. Nikeli ina 10 za kwake, inakamata molekuli nne za kaboni monoksaidi, kila moja inakuja na mbili, jumla 18, na kampaundi hiyo inajulikana tangu 1890, yaani kabla hata hiyo kanuni ya nane haijaandikwa na mtu. Sasa ukishawatoa wote hao unabaki na nani? Kaboni, naitrojeni, oksijeni na florini, pamoja na ioni (atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme) za metali kama sodiamu na magnesiamu. Ni kona ndogo mno ya jedwali. Ila ndo kona yenye shughuli kuliko zote, maana miili yetu na mafuta na plastiki na dawa nyingi zimejengwa na hao hao wanne wakisaidiana na hidrojeni, ndo maana kanuni inaonekana kama iko kila mahali. Sisemi ni mbovu. Inafanya kazi kubwa sana. Nasema ina mpaka, na mpaka wake uandikwe palepale inapoandikwa kanuni, sio kurasa tatu mbele kwa maandishi madogo.

Na walioileta hawakuileta kama amri. Richard Abegg mwaka 1904 aliona kwamba valensi (uwezo wa kuungana) ya juu kabisa na ya chini kabisa ya elementi ukizijumlisha mara nyingi unapata nane. Mwaka 1916 Gilbert Lewis, Mmarekani, akatoa makala yake maarufu ambamo alichora atomu kama mchemraba, elektroni zimekaa kwenye kona zake nane, na mwaka huohuo Walther Kossel wa Ujerumani akaeleza upande wa ioni. Hili jina la okteti alilileta Irving Langmuir mwaka 1919, na Langmuir alikuwa na mdomo mzuri, alihutubia huku na kule mpaka jambo likashika. Lewis mwenyewe ndo alikuwa na tahadhari kuliko mashabiki wake. Kwenye makala ileile ya 1916 alizitaja molekuli zenye idadi witiri ya elektroni, na kwenye kitabu chake cha 1923 akasema kwamba kanuni ya mbili, yaani elektroni kukaa jozi jozi, ina uzito kuliko kanuni ya nane. Sasa mwenye mali kasema hivyo, sisi tuliokuja nyuma tumetoa wapi ukali huu?

Hizo za witiri ndo rahisi kuliko zote kuelewa, na ndo nashangaa zaidi watu wanavyozikariri. Chukua naitriki oksaidi, NO. Naitrojeni inaleta elektroni tano za nje, oksijeni sita, jumla 11. Hata uwe fundi wa kuchora namna gani, 11 haigawanyiki jozi jozi, lazima moja ibaki peke yake na lazima atomu mojawapo ikose nane. Hamna cha kukariri hapo, ni hesabu ya kujumlisha. Naitrojeni dayoksaidi ina 17, klorini dayoksaidi ina 19, hadithi ni ileile. Mtoto akizoeshwa kujumlisha kwanza kabla ya kuchora hatakaa ahangaike dakika kumi anatafuta mchoro ambao haupo duniani.

Na elektroni iliyobaki peke yake inaonekana kwa macho kabisa. Kuna onyesho moja la maabara nalipenda, unakuwa na bomba la kioo lililozibwa lenye ile gesi ya kahawia ya naitrojeni dayoksaidi. Ukilizamisha kwenye maji ya barafu rangi inafifia taratibu mpaka karibu inapotea, ukilihamishia kwenye maji moto rangi inarudi, kahawia iliyokolea. Kinachotokea ni kwamba kwenye baridi molekuli mbili zinaunganisha zile elektroni zao za upweke zikawa jozi, inatengenezeka N2O4 ambayo haina rangi, joto likipanda jozi inavunjika na kila mmoja anarudi na upweke wake. Unaweza kurudia mara ngapi sijui, gesi ni ileile, bomba halijafunguliwa. Mwanafunzi aliyeliona hilo hahitaji orodha ya kukariri.

Hiyo NO sasa, ambayo kwa mujibu wa ukurasa wenu haina umuhimu, iko ndani ya mwili wa anayesoma barua hii muda huu. Seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa ya damu zinaitengeneza, inapenya kwenye misuli ya mshipa, misuli inalegea, mshipa unatanuka, damu inapita. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kazi ya kuitambua. Na ile dawa ya zamani ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, naitrogliserini, ilitumika miaka mingi sana kabla watu hawajajua kwamba inasaidia kwa sababu mwilini inatoa hiyo hiyo NO. Kichekesho ni kwamba naitrogliserini ndo kiini cha baruti ya dinamaiti iliyompa Alfred Nobel utajiri, na uzeeni madaktari wakamwandikia yeye mwenyewe aitumie kwa ajili ya moyo. Molekuli ya atomu mbili tu, isiyoweza kutimiza okteti, na mzunguko wetu wa damu unaitegemea. Klorini dayoksaidi nayo ipo tangu enzi za Humphry Davy aliyeitengeneza mwaka 1811, leo inang'arisha karatasi na kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa. Basi tuziite hazina umuhimu.

Kundi la pili ni la wenye upungufu. Boroni ina elektroni tatu tu za nje, ikishirikiana na florini tatu inapata sita, BF3, basi. Wanafunzi wengi, na walimu pia tuseme ukweli, wakiona sita roho inawauma, wanachukua jozi moja ya florini wanaigeuza bondi ya pili ili boroni ipate nane. Kwenye karatasi inapendeza. Ila hesabu chaji uone, umemwachia florini chaji chanya, florini huyo ambaye ndo mchoyo wa elektroni kuliko elementi zote. Kuna ukweli kidogo ndani yake, kwa sababu bondi za BF3 ni fupi kuliko bondi za kawaida za namna hiyo, kwa hiyo florini zinarudisha kiasi fulani, lakini boroni haishibi. Utajuaje haishibi? Iletee amonia. Amonia ina jozi moja imekaa bure juu ya naitrojeni, boroni inaidaka, na gesi mbili zisizo na rangi zinakutana zinageuka kitu kigumu cheupe mbele ya macho yako. Tabia hiyo ya kudaka jozi ya mwenzako ndo Lewis aliifanya kuwa maana pana ya asidi, na viwanda vinaitumia kila siku. Alumini kloraidi ni wa ukoo huohuo, akiwa mvuke anajipanga wawili wawili huku klorini zikifanya daraja katikati ili kuziba pengo, na ukimpa kazi ya uchocheaji anafanya kwa sababu ya pengo hilohilo, Charles Friedel na James Crafts walilionyesha mwaka 1877. Yaani upungufu wenyewe ndo kazi yake. Ukimfundisha mtoto kwamba upungufu ni kasoro ya kukariri umemficha sababu ya kemia nzima ya vichocheo vya namna hiyo.

Diborani inastahili aya yake. B2H6. Ukiiangalia haraka unasema hii ni kama ethani tu, ile yenye kaboni mbili na hidrojeni sita, weka boroni mbili katikati, hidrojeni tatu kila upande. Sasa jumlisha, boroni mbili zinaleta sita, hidrojeni sita zinaleta sita, jumla 12. Mchoro wa ethani unataka bondi saba, yaani elektroni 14. Hazipo. Sio kwamba umekosea kuhesabu, hazipo kweli, na molekuli ipo kwenye chupa inakutazama. Wakemia wakubwa waligombana juu ya hili miaka na miaka. Mwaka 1943 kijana wa miaka 20, Christopher Longuet-Higgins, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza Oxford, alitoa makala na mwalimu wake R. P. Bell kutetea umbo la daraja, kwamba hidrojeni nne zimekaa pembeni kwa bondi za kawaida, hizo zimekula elektroni nane, zimebaki nne, na hizo nne zinashikilia hidrojeni mbili zilizokaa katikati kama madaraja, kila daraja linatumia jozi moja kuunganisha atomu tatu. Jozi moja, atomu tatu! Mchoro wa mistari tuliozoea, mstari mmoja ni jozi moja kati ya atomu mbili, hauna namna ya kulionyesha hilo vizuri. Baadaye William Lipscomb akaipanua kazi ya kampaundi za boroni na hidrojeni mpaka akapata Nobel ya mwaka 1976.

Sasa tuje kwa wenye kuzidisha, ambao ndo wanaleta maneno mengi. Na hapa nina la kumwambia mwandishi wenu moja kwa moja. Kila mwanafunzi wa sayansi amepima wanga kwa myeyusho wa iodini ukageuka bluu-nyeusi, si ndiyo? Iodini peke yake kwenye maji inayeyuka kwa shida sana, kwa hiyo tunaongeza potasiamu iodaidi, iodini inashikana na ioni ya iodaidi inakuwa I3 yenye chaji hasi moja, na hiyo inayeyuka vizuri. Haya ichore. Iodini tatu mara saba ni 21, ongeza moja ya chaji, 22. Bondi mbili zinakula nne, iodini za pembeni kila moja inashika sita za kwake, hizo 12, jumla 16. Zimebaki sita, na pa kuziweka ni iodini ya katikati tu, ambayo sasa ina bondi mbili na jozi tatu, elektroni 10. Kwa hiyo mtoto anashika mkononi chupa yenye kitu kinachokiuka okteti, anadondoshea kwenye wanga, ioni hizo zinajipanga ndani ya mizunguko ya mnyororo wa wanga na rangi inatoka, anaandika jibu sahihi kwenye daftari, alafu kipindi kinachofuata anaambiwa atomu haiwezi kuzidisha nane. Na hakuna anayeona tatizo.

Fosforasi inakamata klorini tano, PCl5, elektroni 10. Naitrojeni iko juu yake kwenye kundi lilelile, ina elektroni tano za nje vilevile, lakini NCl5 haijawahi kuonekana. Kwa nini? Jibu nililofundishwa, na ambalo bado liko kwenye vitabu vingi, ni kwamba fosforasi ina obitali za d za akiba, yaani vyumba vya ziada vya kuweka elektroni, na naitrojeni haina. Linasikika vizuri na ni rahisi kusahihisha, shida yake hesabu za kompyuta za miaka ya karibuni hazilikubali, zinaonyesha hizo obitali za d ziko juu mno kinishati na mchango wake kwenye bondi ni mdogo. Kinachotawala zaidi ni ukubwa. Nusu kipenyo cha naitrojeni kwenye bondi ni kama pikomita 71, cha fosforasi 107, na kubandika klorini tano kuizunguka naitrojeni ni kama kuwakalisha watu watano kwenye benchi la watatu. Na tazama vituko vya PCl5 ikiwa ngumu, inajigawa yenyewe, molekuli moja inamwachia mwenzake klorini moja, unapata PCl4 yenye chaji chanya na PCl6 yenye chaji hasi, moja ina nane nyingine ina 12, ndani ya fuwele moja. Kanuni inafuatwa na kuvunjwa na kitu kilekile.

Salfa na florini sita, SF6, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1901 na Wafaransa Henri Moissan na Paul Lebeau, miaka 15 kabla ya makala ya Lewis. Elektroni 12 kuizunguka salfa. Ungetegemea kitu kilichovunja kanuni kiasi hicho kiwe na vurugu, kumbe ni mpole ajabu, hagusiki na maji, hagusiki na karibu chochote, ni mzito kuliko hewa kama mara tano, na kwa sababu umeme haumpiti kirahisi amejazwa kwenye swichi kubwa za umeme za msongo wa juu. Huo upole ndo umekuwa balaa, maana akivuja haozi, anakaa angani mamia ya miaka, na uzito uleule wa gesi hiyo ukilinganisha na kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100 unapasha dunia joto zaidi ya mara 20,000. Sasa mlinganishe na ndugu yake SF4, ambaye amezidisha kidogo tu, ana 10. Huyo ukimkutanisha na maji anavunjika papo hapo. Mwenye 12 mpole, mwenye 10 mkorofi. Kama unaamini kwamba kadiri unavyoikaribia nane ndivyo unavyotulia, hao wawili wanakuumbua. Sababu iko wazi ukiangalia umbo, SF6 salfa imefunikwa na florini pande zote sita, maji hayapati mlango wa kuingilia, SF4 ina upande uko wazi.

Alafu zenoni. Hii ndo inayonifanya niseme amri ya nane ina madhara na sio suala la ladha tu. Zenoni iligunduliwa 1898 na William Ramsay na Morris Travers, ikawekwa na wenzake kwenye kundi la gesi bwete, zisizochanganyika na mtu. Kanuni ilipokuja ikawapa watu sababu, wana nane tayari, wanataka nini tena? Kossel alidokeza mapema kabisa, 1916 ileile, kwamba huenda florini ikaiweza zenoni. Linus Pauling akatabiri hivyo hivyo mwaka 1933, na Don Yost na Albert Kaye wakajaribu mwaka huo kuunganisha zenoni na florini, hawakupata kitu. Baada ya hapo kimya, karibu miaka 30. Sio kwamba vifaa havikuwepo, watu walishaambiwa haiwezekani.

Mwaka 1962 Neil Bartlett, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi chuo kikuu cha British Columbia kule Kanada, alikuwa na platinamu heksafloraidi, mvuke mwekundu mkali sana, ambao alishaona umeinyang'anya molekuli ya oksijeni elektroni moja. Kuitoa elektroni hiyo kwenye oksijeni kunagharimu kama kilojuli 1,165 kwa moli. Akaangalia majedwali, zenoni inagharimu 1,170. Tofauti ni ndogo mno, kama mvuke huu umeiweza oksijeni, zenoni itashindikana vipi? Siku ya Machi 23 akavunja kizuizi cha kioo kati ya gesi hizo mbili, na papo hapo kikatokea kitu kigumu cha rangi ya njano iliyoelekea chungwa. Akatoka kutafuta mtu wa kumwonyesha, jengo tupu, wenzake wote wameenda kula chakula cha jioni. Hicho alichopata baadaye kilionekana ni mchanganyiko wa mambo kuliko alivyodhani mwanzoni, lakini mlango ulishafunguka. Mwaka huohuo maabara ya Argonne kule Marekani wakapasha moto zenoni na florini tu, nyuzi 400 za Selsiasi kwenye chombo cha nikeli, wakapata XeF4, fuwele zisizo na rangi. Na kinachouma zaidi, baadaye ikajulikana kwamba XeF2 unaipata hata kwa kuanika mchanganyiko mkavu wa gesi hizo mbili juani kwenye chombo cha kioo. Jua tu! Miaka yote hiyo.

Hiyo XeF4 mi naitumia darasani kwa sababu hesabu yake inatoa umbo kabisa. Zenoni nane, florini nne mara saba 28, jumla 36. Bondi nne zinakula nane, florini kila moja inabaki na sita za kwake hizo ni 24, umefika 32. Zimebaki nne, zinaenda kwa zenoni kama jozi mbili. Kwa hiyo zenoni ina 12, na zile jozi mbili zinakaa moja juu moja chini kwa kukimbiana, florini nne zinabaki bapa zimetengeneza mraba. Umbo hilo limethibitishwa kwa vipimo. Mtoto amelipata kwa kujumlisha na kutoa.

Ila tusidanganyane kwamba zenoni kweli imekumbatia elektroni 12. Mwaka 1951 George Pimentel na Robert Rundle, kila mtu kwa njia yake, walieleza ioni kama ile I3 kwa namna nyingine, kwamba atomu tatu zilizo kwenye mstari zinashirikiana elektroni nne, mbili zinafanya kazi ya kuunganisha zote tatu na mbili nyingine zinakaa zaidi kwenye atomu za pembeni. Ukihesabu hivyo atomu ya katikati haijazidisha sana, pengine hata nane haizipiti. Ndo maana wanaozidisha wanapenda kuzungukwa na florini, oksijeni au klorini, wachoyo watupu, wa kuzivutia elektroni pembeni. Kwa hiyo hao walioitwa wavunja kanuni wakubwa ukiwachunguza sana wanaweza wasiwe wamevunja chochote, ni mchoro wetu wa mistari ndo umezidiwa. Hapo hata walimu tunabishana, na mabishano hayo mngeyaweka gazetini watoto wangeyapenda.

Na kuna upande ambao ukurasa wenu haukuugusa kabisa, kwamba kanuni inaweza kutimia na bado ikakudanganya. Oksijeni tunayovuta. Elektroni 12 za nje kwa atomu zote mbili, chora bondi mbili katikati, jozi mbili kila upande, kila atomu ina nane, zote jozi jozi, hamna mwalimu atakayekunyima alama. Sasa poza oksijeni mpaka nyuzi 183 chini ya sifuri iwe kimiminika, rangi ya bluu hafifu, imwage katikati ya ncha mbili za sumaku yenye nguvu. Inaning'inia pale. Inashikwa na sumaku mpaka ichemke iishe, wakati naitrojeni ya kimiminika ukiimwaga hapohapo inapita inadondoka zake. Kitu chenye elektroni zote jozi jozi hakifanyi hivyo, kwa hiyo oksijeni ina elektroni mbili zisizo na wenza, na ule mchoro wetu mzuri wenye nane kila upande umeficha jambo kubwa kuliko yote kuhusu molekuli hiyo. John Lennard-Jones ndo alilieleza mwaka 1929 kwa nadharia ya obitali za molekuli, inayoziangalia elektroni kama mali ya molekuli nzima.

Ombi langu basi ni dogo. Toleo lijalo mkiweka maswali, wekeni salfeti, ile ioni ya salfa moja na oksijeni nne yenye chaji hasi mbili, na kwenye majibu mchapishe michoro yote miwili. Mmoja wenye bondi mbili mbili kwa oksijeni mbili, salfa ikiwa na 12, na mwingine wenye bondi moja moja kwa oksijeni zote nne, salfa ikiwa na nane na chaji mbili chanya. Nimeona wasahihishaji wanaokata wa kwanza kwa sababu umepita nane, na nimeona wengine wanaokata wa pili kwa sababu chaji zimekuwa nyingi, mtoto yuleyule angefaulu au kufeli kutegemea karatasi yake imeangukia meza ya nani. Hesabu za kisasa zinaegemea zaidi ule wa pili, lakini mwanafunzi aliyejumlisha 32 na kufunga chaji hasi mbili kwa mchoro wowote kati ya hiyo apewe alama zake zote.

Wenu,
Mwalimu wa kemia, msomaji wa kila siku